Majirani wa Mteremkoni: gia imeng'ang'ania P

*06:12 Mama Neema:* Jamani kumekucha? Gari imegoma. Inawaka vizuri tu ila gia haitoki P, ile ya kuegesha. Nimekanyaga breki mpaka mguu unauma. Neema ana mtihani saa mbili 😭

*06:13 Baba Ilham:* Pole jirani. Gia boksi hiyo. Ya shemeji yangu ilianza hivyo hivyo, ikamla milioni na ushee.

*06:13 Mama Neema:* Mungu wangu

*06:14 Mzee Shaban:* Baba Ilham, usimtie mtu presha asubuhi yote hii. Mama Neema, uliegesha pale pale mteremkoni?

*06:15 Mama Neema:* Shikamoo mzee. Ndiyo, mbele ya geti.

*06:15 Mzee Shaban:* Marahaba. Hendibreki ulivuta?

*06:15 Mama Neema:* 🙈 Mi huwa naweka P basi

*06:17 Mzee Shaban:* Ndiyo maana. Gari nzima inalalia kijino kimoja ndani ya gia boksi. Hebu bonyeza kitufe cha kwenye gia, kinaingia?

*06:18 Mama Neema:* Hakiingii kabisa. Kigumu kama jiwe.

*06:19 Mzee Shaban:* Basi leo mteremko hauna kosa. Ungekuwa mteremko, kitufe kingeingia, gia ingetoka kwa shida na kupiga "ko!" Hapo imejifunga kwa umeme. Mtu asimame nyuma aangalie taa za breki.

*06:20 Fundi Kassim:* Mzee umenitoa maneno mdomoni. Dada, tega na sikio karibu na gia. Ukikanyaga breki unasikia "tik" ya kufuli la gia likifunguka?

*06:22 Mama Neema:* Neema anasema hakuna taa hata moja, hata ile ya juu kwenye kioo. Tik sijasikia.

*06:24 Fundi Kassim:* Balbu tatu haziungui usiku mmoja. Ni fyuzi, au swichi ya breki pale juu ya pedeli. Swichi hiyo moja ndiyo inawasha taa na ndiyo inaiambia gia ifunguke. Fungua boksi la fyuzi chini ya dashibodi, kifunikoni tafuta palipoandikwa STOP.

*06:27 Mama Neema:* 📷 Hii nyekundu? Kiwaya chake kimekatika, kuna weusi.

*06:27 Fundi Kassim:* Hiyo hiyo. Ampia 10.

*06:28 Deo:* Shem, funga ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, utafika tu

*06:28 Mzee Shaban:* Deo!! Ukiweka karatasi, badala ya fyuzi zitaungua nyaya.

*06:29 Mama Zawadi:* Samahani kuwakatisha, maji yametoka kwa nani?

*06:30 Mama Neema:* Fundi, hakuna njia ya kuitoa hivi hivi?

*06:31 Fundi Kassim:* Ipo. Pembeni ya gia kuna pa kubonyeza pameandikwa SHIFT LOCK. Zima gari, vuta hendibreki, kanyaga breki, bonyeza kwa ncha ya ufunguo, peleka N (gia huru), washia hapo. Lakini utashuka barabarani bila taa za breki? Daladala itakuingia nyuma, au trafiki akuandikie faini. Mtoto apande boda.

*06:32 Mama Neema:* Keshapanda.

*06:33 Fundi Kassim:* Sasa, nani amegusa taa za nyuma karibuni?

*06:37 Fundi Kassim:* ?

*06:38 Deo:* Mimi Jumamosi. Nilibadilisha balbu ya kushoto 😬

*06:38 Mama Neema:* Wewe na sigara yako!

*06:39 Fundi Kassim:* Ifungue hiyo taa kabla ya kuweka fyuzi, la sivyo nayo itaungua.

*06:40 Baba Ilham:* Fyuzi ya 10 ninayo. Namtuma Ilham.

*06:52 Deo:* 📷 Waya ulibanwa na taa, umechubuka unagusa bodi. Nimeuzungushia selotepu ya umeme.

*06:58 Mama Neema:* TIK! Imetoka! Taa zote zinawaka. Asanteni sana 🙏🙏

*06:59 Baba Ilham:* Shemeji naye sijui kama walimwangalizia taa.

*07:00 Mzee Shaban:* Na hendibreki?

*07:01 Mama Neema:* Nimeivuta mzee. Imelia mpaka kuku wamekimbia.