Acheni kuandika TK_LIBRARY kwenye kompyuta nzima, na acheni kutuambia kwamba "8.6 ni 8.6"

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu kwa hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa tatizo ninalolileta limetokana na uzembe wa watu wanaotuuzia programu, nao walipoulizwa walijibu kwa jeuri. Katika maabara ninayoisimamia, wanafunzi wanaoanza kujifunza Python walibofya IDLE, programu inayokuja na Python ya kuandikia na kuendeshea msimbo, na hakuna kilichotokea. Halikufunguka dirisha wala haukutokea ujumbe wa kosa. IDLE imejengwa kwa tkinter, moduli ya Python ya kutengeneza madirisha, na tkinter hutegemea Tk, maktaba inayochora madirisha na vitufe, hivyo Tk ikishindwa kuanza, IDLE nayo haianzi. Kwa kuwa kwenye Windows IDLE huendeshwa bila dirisha la amri, ujumbe wa kosa hauna pa kuonekana, na mwanafunzi anabaki akidhani kwamba ni yeye aliyeharibu kitu. Tulipoiendesha kutoka kwenye dirisha la amri ndipo tuliposoma kwamba toleo lililopo haliafikiani na toleo linalotakiwa.

Chanzo kilikuwa programu ya hesabu za ofisi, ambayo sitaitaja jina, iliyosakinishwa katika kompyuta hizo pamoja na nakala yake yenyewe ya Tk na ya Tcl, lugha ya programu ambayo Tk huendeshwa nayo. Kuja na nakala yake si kosa. Kosa ni kwamba wakati wa kusakinishwa iliandika TCL_LIBRARY na TK_LIBRARY katika vibadilika vya mazingira vya kompyuta nzima, yaani thamani zinazoweza kusomwa na kila programu, ikazielekeza kwenye folda yake.

Asiyeijua Tk kwa ndani anaweza kuuliza kuna ubaya gani. Tk inapopakiwa ndani ya programu yoyote, hutafuta folda yenye skripti zake za kuanzia, kisha huhifadhi anwani ya folda hiyo katika kibadilika kiitwacho tk_library. Kabla ya kupekua mahali pengine, hutazama kwanza kama kuna TK_LIBRARY katika mazingira, na Tcl nayo hufanya vivyo hivyo kwa TCL_LIBRARY. Ndani ya folda hizo kuna faili za init.tcl na tk.tcl, na kila moja ina mstari unaodai toleo lilelile hasa, hadi namba ya mwisho ya marekebisho. Skripti za 8.6.9 hazikubali kuendeshwa na maktaba ya 8.6.13. Sharti hilo ni la haki kabisa, kwa sababu skripti na maktaba iliyokusanywa hutolewa pamoja na hutegemeana, na mimi siilaumu Tk hata kidogo kwa kulisimamia. Ninayemlaumu ni yule aliyeiambia kila programu katika kompyuta, ikiwemo Python ambayo haimhusu, ikachukue skripti katika folda yake.

Sasa sikilizeni jibu la msambazaji. Alituandikia kwamba programu yao inatumia Tk 8.6, na Python yetu inatumia Tk 8.6, kwa hiyo haziwezi kugombana, na akatushauri tuisakinishe Python upya. Python ikisakinishwa upya mara mia, vibadilika vile bado vipo palepale, na matokeo ni yaleyale.

Jibu hilo linaonyesha wazi kwamba aliyeliandika alitazama tk_version peke yake. Kibadilika hicho hutoa namba kuu na namba ndogo tu, yaani 8.6, na kimekuwa kikisema hivyo tangu Desemba 2012, toleo la 8.6 lilipotoka. Linalotofautisha nakala moja na nyingine ndani ya kipindi hicho chote ni tk_patchLevel, ambacho hutoa namba kamili. Mtu anayesambaza programu kwa malipo, tena yenye nakala yake ya Tk, hana udhuru wa kutokujua kwamba vibadilika hivi viwili vipo kwa makusudi tofauti.

Nakiri kwamba tkinter imechangia kueneza uvivu huu, kwa kuwa TkVersion yake hutolewa kama namba ya desimali. Toleo si namba ya desimali. Ukilinganisha kwa hesabu ya kawaida, 8.10 inakuwa ndogo kuliko 8.6, ilhali katika mpangilio wa matoleo ni kubwa. Tcl ina amri ya package vcompare inayolinganisha kipande kwa kipande na kutoa jibu sahihi, lakini katika misimbo ninayopewa kusahihisha sikumbuki lini niliiona. Isitoshe, TkVersion hutokana na toleo ambalo Python ilikusanywa nalo, kwa hiyo mwenye kutaka kujua maktaba inayofanya kazi wakati huo aisome tk_patchLevel kutoka katika Tk yenyewe. Kwa upande wa Tcl, kuanzia Python 3.11 kuna info_patchlevel inayotoa namba yake kamili.

Madhara ya mazoea haya yataongezeka, kwa sababu Tk 9.0 ilitoka Septemba 2024. Programu yenye mstari wa package require Tk 8.6, yaani wa kudai toleo hilo, itaikataa 9.0, kwa kuwa kanuni ya Tcl ni kwamba namba kuu ikibadilika, upatano wa zamani haudhaniwi kuwapo. Mwandishi aliyejaribu programu yake na kuona haiendi na 9.0 amefanya vyema kuuacha mstari huo jinsi ulivyo. Aliyeijaribu ikaenda aandike 8.6- yenye kistari mwishoni, na Tk itaruhusu matoleo yanayofuata. Asiyejaribu lolote, akanakili mstari kutoka kwa mwenzake, ndiye atakayetuletea tena jibu la kusakinisha upya.

Ninachodai kwa wasambazaji ni kidogo. Programu yenu ikihitaji folda yake ya skripti, wekeni TK_LIBRARY ndani ya faili ya kuanzishia programu hiyo, ambako thamani itaishi muda wa programu hiyo tu na kuonekana kwayo tu. Aidha, mnapoandika kitu katika mazingira ya kompyuta nzima, kiondoeni programu inapoondolewa. Yenu tuliiondoa na vibadilika vyote viwili vikabaki, vikielekeza kwenye folda ambayo haipo tena.

Wanajukwaa ambao IDLE yao haifunguki kwenye Windows, fungueni dirisha la amri, andikeni set TCL_LIBRARY, kisha set TK_LIBRARY. Ikitokea anwani ya folda ambayo si ya Python yenu, futeni vibadilika hivyo katika mipangilio ya mfumo, mfungue dirisha jipya na mjaribu tena. Kisha andikeni hapa ni programu ya aina gani iliyoviweka, ili tujue tatizo hili limeenea kiasi gani kabla sijapeleka malalamiko rasmi kwa waliotuuzia.