Naomba ushauri: maktaba ya kata iombewe fedha kwa hoja gani, siku hizi za simu?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Tuko Ujiji, Kigoma, tunaandaa andiko la kuiombea maktaba ya kata fedha kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo lazima lifike mapema Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Tunakwama kwenye swali moja: "Vijana wana simu, maktaba ya nini?" Lakini simu bila bando haifungui kitu, na mtoto wa darasa la sita anahitaji meza, taa na utulivu. Hivyo simu haina.

Tumeshajaribu Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) yenye Kiwix (programu ya kusomea kurasa zilizohifadhiwa) na Wikipedia ya Kiswahili, inayorusha Wi-Fi ya ndani bila intaneti. Haizidi wati 15, hivyo betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ukitumia nusu tu isife mapema, inaibeba siku nzima pamoja na taa. Umeme ukikatika ghafla ndipo kadi ya kumbukumbu huharibika, basi tunaweka kadi ya akiba yenye nakala ileile. Rafu tumezitenga na ukuta kwa sababu ya mchwa.

Daftari la mahudhurio linahesabu vichwa tu, na hapo ndipo andiko linapolegea.

Naomba kujua:
1. Mshahara wa mhudumu na vitabu vipya viombwe kama matumizi ya kawaida, au yote yaingie kwenye mradi wa maendeleo?
2. Zaidi ya mahudhurio, tupime nini ili madiwani wakubali?