Musi ya chokoleti imefanya vibonge na kutoa maji: nilikosea wapi?

Mpishi Mgeni, Kisumu

Habari zenu, wapishi wenzangu. Jumapili nilijaribu kuandaa musi, kile kitindamlo cha Kifaransa ambacho jina lake maana yake ni povu, kwa gramu 200 za chokoleti nyeusi, mayai 6 na vijiko viwili vya sukari, bila krimu. Chokoleti niliiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota, na ghafla ikashikana ikawa kama udongo. Niliichanganya hivyo hivyo na viini, kisha na ute niliokuwa nimekwisha kuupiga mapema, nikaweka vikombe kwenye friji. Asubuhi nilikuta vibonge, na maji yametuama chini. Je, ni joto la Kisumu au ni mkono wangu?

Jiko la Bondeni, Nakuru

Joto la Kisumu umelisingizia. Chokoleti ilishikana kwa sababu iliingiwa na maji kidogo, pengine mvuke tu, ambayo hulowesha chembe za sukari na kakao zikanatana. Cha ajabu ni kwamba maji mengi zaidi huiponya: ukiongeza vijiko vinne vya mezani vya kahawa ya moto kwa gramu hizo 200 na kukoroga, hulainika tena. Siku nyingine zima moto maji yakianza kuchemka, bakuli lisiguse maji, na ulifute likauke kabisa.

Yale maji ya chini ni ya ute. Ukiupiga kupita kiasi, au ukauacha usubiri, povu huvunjika na kuachia maji. Upige mwishoni kabisa, katika bakuli la chuma au kioo lisilo na mafuta (la plastiki hubaki na mafuta hata baada ya kuoshwa), na uache wakati ncha ya povu bado inainama. Chokoleti iwe na uvuguvugu tu. Tia kwanza theluthi ya ute ili kuilegeza, kisha uliobaki uukunje taratibu kwa mwiko mpana, ukitoa chini na kupandisha juu. Usiukoroge kama uji.

Mama wa Watatu, Kakamega

Naongeza kwamba usome maandishi ya pakiti, kwani chokoleti nyingine za bei nafuu zina mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, na ndiyo siagi hiyo inayogandisha musi katika friji. Pia mayai hayo ni mabichi. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, mimi hukoroga viini, sukari na maji kidogo juu ya mvuke hadi nyuzijoto 71, na badala ya ute natumia krimu baridi iliyopigwa.

Jiko la Bondeni, Nakuru

Nakubaliana na Mama kuhusu usalama, ila ya krimu ni nzito zaidi na ladha ya kakao hufifia. Kwa watu wazima wenye afya, wanaoikubali hatari hiyo, mimi nabaki na mayai.

Mpishi Mgeni, Kisumu

Asanteni sana. Mama mkwe anakuja Jumamosi naye ni mzee, kwa hiyo nitafuata njia ya krimu, na ile ya mayai nitaijaribu akishaondoka.