Naomba ushauri: kupima upitishaji umeme wa mwamba ndani ya shimo lililoinama, Uvinza

Mwana wa Ruchugi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu mapema, kwa kuwa fundi wa kipimo anatarajiwa kufika wiki hii. Huku Uvinza kuna shimo la uchorongaji lililoachwa na watafiti wa madini, nalo lina mwinamo wa digrii 60. Nataka kuteremsha kipimo cha koili (nyaya zilizoviringwa) ili nijue upitishaji umeme wa mwamba tabaka kwa tabaka, maana kwetu maji ya chumvi hayako mbali, na hakuna mfugaji anayetaka kuchimbiwa kisima cha mifugo kisha akaishia kuchemsha chumvi. Swali langu ni moja tu: namba nitakazosoma nizisahihishe vipi kwa sababu ya mwinamo?

Afisa Mstaafu:
Ndugu yangu, kabla ya koili, kibali kiko wapi? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ni ya mwaka 2009, si ya jana, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapo hapo Kigoma. Siku hizi watu wanatanguliza mashine, karatasi wanazikumbuka wakishaitwa ofisini.

Mchorongaji wa Tabora:
Mimi habari za tabaka hazinisumbui, kwa sababu chini yetu sehemu kubwa ni granaiti, na granaiti isiyo na ufa haifikishi hata milisimensi moja kwa mita, yaani karibu haipitishi umeme kabisa. Maji yetu hukaa kwenye nyufa, na nyingi zimesimama wima. Niliwahi kumshauri bosi tuinamishe mtambo ili tuzikate; akacheka, tukachoronga wima, tukatoa vumbi hadi mteja akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo usiulalamikie mwinamo, wengine tunautamani.

Bi Jiofizikia:
Mwana wa Ruchugi, swali lako bado halijibiki. Digrii 60 kutoka wapi? Wachorongaji wa madini huhesabu kutoka usawa wa ardhi, ilhali fomula za vipimo huhesabu kutoka wima. Kama ni 60 ya wachorongaji, shimo lako limeachana na wima kwa digrii 30 tu.

Kipimo hicho kina koili mbili. Koili ya kwanza hupelekewa mkondo wa umeme unaobadilikabadilika, nao huamsha ndani ya mwamba mikondo mingine inayolizunguka shimo kama pete. Koili ya pili hupokea usumaku wa mikondo hiyo. Shimo likiwa wima na tabaka zikiwa zimelala, kila mkondo hubaki ndani ya tabaka lake. Shimo likiinama, mikondo hukatiza mipaka, chaji hurundikana hapo, na tabaka jembamba huonekana nene kuliko lilivyo. Tuseme mwamba hupitisha umeme mara nne zaidi kwa kufuata tabaka kuliko kwa kuzikata: kwa digrii 30 utasoma pungufu kwa asilimia 10 hivi, na kwa digrii 60 utasoma pungufu kwa theluthi nzima. Tabaka zenyewe zikiwa zimeinama, pembe hiyo nayo inabadilika, kwa sababu kinachohesabika ni jinsi shimo linavyozichoma tabaka.

Sasa niambie, ndani ya shimo kuna bomba?

Mwana wa Ruchugi:
Ahsante sana dada. Ni digrii 60 kutoka ardhini. Bomba lipo.

Bi Jiofizikia:
La plastiki au la chuma?

Mwana wa Ruchugi:
La chuma, kutoka mdomoni hadi mita 45. Chini ya hapo ni mwamba mtupu. Sikulitaja kwa kuwa niliuliza juu ya mwinamo. Isitoshe, nusu ya malipo nimekwisha kutoa, na fundi amenihakikishia kwamba kipimo chake kina nguvu. Chumvi yenyewe naitarajia chini, si huku juu.

Bi Jiofizikia:
Kaka, hapa si suala la nguvu. Chuma hupitisha umeme mamilioni ya mara kuliko mwamba, kwa hiyo katika mita 45 zote utakuwa unalipima bomba. Mhandisi Henri Doll alipoeleza njia hii mwaka 1949, faida yake ilikuwa kwamba koili haihitaji kugusa maji wala tope linalopitisha umeme. Ndiyo maana hufanya kazi hata katika shimo kavu au ndani ya bomba la plastiki, lakini si ndani ya chuma. Hata ukishatoka kwenye bomba, usiziamini namba za karibu na mwisho wake.

Mwombe fundi aje pia na kipimo cha mionzi ya gama, ambayo hupenya chuma japo hupungua. Mfinyanzi na maji ya chumvi vyote hupandisha upitishaji umeme, lakini mfinyanzi kwa kawaida hutoa gama nyingi, na chumvi iliyomo majini haiongezi kitu.

Mjukuu wa Mpiga Ramli:
Babu yangu hutumia vijiti viwili vya mpera. Haviulizi chuma wala plastiki, na malipo ni jogoo.

Haamini Mpaka Aone:
Samahani wakuu, mimi nina wasiwasi na uzi huu. Mashimo mengi ya kutafuta madini yana upana wa milimita 76 au 96, na pampu ya kawaida ya inchi nne haiingii humo. Mifugo itanyweshwa kwa kijiko? Nahisi hili ni swali la mtihani wa chuo, na mnamfanyia kijana kazi yake. Picha ya mdomo wa shimo iko wapi?

Afisa Mstaafu:
Nilishangaa tangu mwanzo kwamba hajanijibu kuhusu kibali.

Mwana wa Ruchugi:
Ni nani aliyesema pampu itaingia humo? Kisima kitachorongwa kipya, wima, jirani na mdomo wa shimo hili, na mkataba nimekwisha kusaini. Hili la zamani ni la kunionyesha chumvi inaanzia wapi, ili mchorongaji asimame kabla ya kuifikia. Kibali ameahidi kukishughulikia yeye.

Bi Jiofizikia:
Hata kama ni mtihani, jibu ni lile lile. Kwa mwinamo huo, mita 100 za kebo ni kina cha mita 87 hivi, na hapo kipimo kimesogea mita 50 pembeni mwa mdomo. Mchorongaji akisoma 100 kwenye karatasi yako, atapita chumvi kwa mita 13. Tabaka zikiwa zimeinama, hata hiyo 87 haitakuwa sahihi pale mdomoni. Afadhali kisima kiwe upande ambao shimo linaelekea, juu ya mahali palipopimwa. Mkataba unataja mahali?

Mwana wa Ruchugi:
Unataja, dada. Ni upande wa pili, kwa sababu lori la mtambo linapita huko.

Mchorongaji wa Tabora:
Basi mpigie leo. Mtambo ukiwa bado juu ya lori, kuhamisha alama ni maneno tu. Ukishasimikwa, atakudai gharama ya kuusimika upya.