Kaka yetu amefariki kazini na kampuni ya bima inataka tutie sahihi: tufungue madai au tusubiri?

Swali

Ndugu zangu, kaka yangu alifariki wiki sita zilizopita baada ya jukwaa la ujenzi alilokuwa akifanyia kazi kuporomoka. Ameacha mke, watoto wawili wadogo, na mama yetu mzazi ambaye matunzo yake yote yalitoka mkononi mwa marehemu. Siku chache baada ya mazishi, mwakilishi wa kampuni ya bima ya mwajiri alituletea hati inayosema kwamba fedha watakazotoa ni malipo kamili na ya mwisho. Wifi yangu amelemewa na madeni na yuko karibu kutia sahihi, ilhali baba mkubwa anasisitiza kwamba tusifanye lolote mpaka kesi ya jinai iishe. Je, tutie sahihi? Je, ni lazima kusubiri? Na ni nani hasa mwenye haki ya kudai, mimi dada yake au mjane?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada, wewe na familia yote. Nianze na hati, kwa kuwa hiyo ndiyo ya haraka: mwombeni wifi yako asitie sahihi kabla wakili wenu hajaisoma neno kwa neno. Maneno "kamili na ya mwisho" yana maana ileile yanayosema, na mahakama nyingi huyaheshimu, hata kama baadaye itabainika kwamba kiasi kilichotolewa kilikuwa kidogo mno.

Kuhusu kusubiri, kwa heshima zote, sikubaliani na baba mkubwa. Kesi ya jinai humtafuta wa kuadhibiwa na hudai ushahidi usioacha shaka ya msingi, lakini katika shauri la madai inatosha kuonyesha kwamba uwezekano wa uzembe ni mkubwa kuliko wa kutokuwepo uzembe. Huko Marekani, O.J. Simpson, mchezaji nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliachiwa huru mwaka 1995 katika kesi ya mauaji ya mtalaka wake Nicole Brown Simpson na rafiki wa mwanamke huyo, Ronald Goldman, lakini mwaka 1997 katika shauri la madai lililotokana na vifo hivyo hivyo akaamriwa kulipa jumla ya dola milioni 33.5. Isitoshe, kwa kawaida muda wa kufungua madai haukomi kuhesabiwa eti kwa sababu polisi bado wanapeleleza. Uingereza muda huo kwa kawaida ni miaka 3, na jimbo la California ni miaka 2. Anayedai dhidi ya chombo cha serikali huko California hutakiwa kuwasilisha dai lake kwanza ndani ya miezi 6. Waulizeni mawakili wenu muda unaowahusu ninyi, tena mapema.

Jibu la pili

Nipokee hapo kwenye swali la nani adai. Mwaka 1808 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kifo cha mtu hakiwezi kuwa msingi wa madai ya fidia, kwa hiyo aliyejeruhi alilipa na aliyeua hakulipa, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kulisoma. Bunge lilirekebisha hali hiyo mwaka 1846 kwa kuwapa haki mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu, na nchi nyingi zilirithi mfumo huo. Utaona kwamba dada hakutajwa pale. Baadhi ya sheria za sasa humtambua, lakini mara nyingi ni lazima athibitishe kuwa alimtegemea marehemu. Mama yenu msimsahau hata kidogo.

Tofautisheni pia madai mawili ambayo mara nyingi hufunguliwa pamoja. Moja ni la wategemezi, kwa riziki waliyoipoteza. La pili ni la mirathi, kwa maumivu aliyoyapata marehemu kabla ya kukata roho na gharama alizoziacha. Hili la pili humhitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa, kwa hiyo ombi la usimamizi lianze sasa.

Jibu la tatu

Mimi nilimpoteza baba yangu katika ajali ya kazini, na kilichotuchosha zaidi kilikuwa kuthibitisha kipato chake, maana hakuwa na hati za mshahara. Tulitegemea kumbukumbu za fedha alizotuma nyumbani, stakabadhi za ada, na maelezo ya wenzake. Mahakama ilikadiria kipato cha mwaka, ikaondoa sehemu ambayo angejitumia mwenyewe, kisha ikazidisha kwa miaka ambayo angeendelea kutulea. Kusikia uhai wa baba ukipigiwa hesabu namna ile kulituumiza sana, na ni vyema mjiandae.

Jambo jingine, dada: watadai kwamba kaka yako hakufunga mkanda wa usalama. Hata ikiwa ni kweli, katika nchi nyingi hilo hupunguza fidia badala ya kuifuta. Pigeni picha mabaki ya jukwaa kabla hayajaondolewa, ombeni taarifa ya uchunguzi wa mwili, na mpate maelezo ya mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Muuliza swali

Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea wifi majibu haya na amekubali kuirudisha hati bila sahihi. Fundi aliyekuwa na kaka siku ile ameahidi kuandika maelezo yake kesho, na baba mkubwa atanisindikiza kwa wakili tukiwa na cheti cha kifo.