Waislamu na Wayahudi Ulaya: mbona Ujerumani walifaulu, Ubelgiji wakagonga mwamba?

Mdahalo_Tanga: Wakuu, naandaa mada ya chuoni. Waislamu walio wachache Ulaya wamesimama pamoja na Wayahudi kutetea tohara na kuchinja. Kwa nini matokeo yametofautiana?

NgomeKongwe: Anza na Köln, Ujerumani. Mei 2012 mahakama ya huko ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Mtoto alikuwa wa Kiislamu, miaka minne. Daktari aliachiwa huru, na hukumu haikuzilazimisha mahakama nyingine kuifuata, ila madaktari waliogopa na baadhi ya hospitali zikasitisha tohara. Jumuiya za dini zote mbili zikaibana serikali, na 12 Desemba Bunge likapitisha kifungu 1631d cha sheria ya kiraia, kinachoruhusu tohara ya mtoto, kwa kura 434 dhidi ya 100. Kisome kijifungu cha pili kwa makini: ngariba asiye daktari, aliyeteuliwa na jumuiya yake ya dini na kufunzwa, anaruhusiwa ndani ya miezi sita ya kwanza tu. Wayahudi hutahiri siku ya nane, wamo. Waislamu wengi huchelewa, kwa hiyo wao ni daktari tu. Waliungana, lakini hawakupata sawa.

Wakili_wa_Baraza: Ubelgiji ugomvi ni kuchinja bila kumzimisha mnyama fahamu kwanza. Mkoa wa Flanders ulipiga marufuku Januari 2019, ule wa Wallonia Septemba. Dini zote mbili zilikwenda mahakamani, zikashindwa Luxembourg kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya (Desemba 2020), kisha Strasbourg kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya (Februari 2024). Sheria ilikuwa imewaachia njia moja: umeme unaozimisha bila kuua. Hapo ndipo pagumu. Waislamu wengine huukubali, mradi mnyama awe hai kisu kinapopita. New Zealand husafirisha nyama ya halali ya namna hiyo. Kwa marabi wa Orthodox, yaani viongozi wa Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi, haikubaliki kabisa, mnyama lazima awe hana dosari kabla ya kisu. Serikali ikishaona ufa huo, inasema "mbona wenzenu wamekubali?"

Mdahalo_Tanga: Kwa hiyo mahakama haifai kitu?

Wakili_wa_Baraza: Si hivyo, ila mahakama za Ulaya huwaachia wabunge uamuzi. Brussels, penye wapiga kura wengi wa Kiislamu, bunge la mkoa lilikataa marufuku hiyo Juni 2022. Uholanzi muswada ulipita bunge la chini 2011, kura 116 kwa 30, Seneti ikauangusha mwaka uliofuata. Na kwenye ushirikiano kama huo, andikeni mapema mnadai nini na nini hamkigusi. Mkiingiza Palestina kwenye barua ya machinjio, mtagawanyika kabla ya kufika kwa waziri.