Mafunzo ya maktaba kuhusu kanzidata za utafiti: nijilipie nauli hadi Mbeya au niache?

BibiShamba_Ilula

Wakuu salaam. Mimi ni afisa ugani, wilaya ya Kilolo, upande wa nyanya. Maktaba ya chuo kimoja Mbeya imetangaza mafunzo ya siku mbili kwa watumishi wa umma, namna ya kutafuta tafiti kwenye kanzidata za mtandaoni. Ni bure, ila hakuna posho wala nauli. Nilimwandikia bosi wangu, akasema hayo ni mambo ya wanafunzi na fungu la mafunzo limeisha. Ruhusa atanipa nikijigharamia.

Kinachonisukuma ni kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya. Wakulima wangu wanapuliza sumu ile ile wiki hadi wiki, na bado majani yanababuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Wananiuliza, "Bibi shamba, tupulize nini sasa?" Muuza dawa ana jibu tayari, na jibu lake siku zote ni kopo la bei kubwa zaidi. Mimi nikiingia Google naonyeshwa aya moja ya utafiti, halafu ukurasa unadai dola 30 na kitu ili nisome zilizobaki. Hiyo hela naitoa wapi?

Kwa aliyewahi kuhudhuria: yana msaada kwa mtu wa kata kama mimi? Na nikirudi kituoni, hizo kanzidata zitafunguka, au ni mpaka niwe pale chuoni? Naomba mwongozo.

Mtumishi_Makambako

Dada, usitoe hela yako kabla hujapiga simu. Mafunzo ya aina hiyo niliyapata, na kwa kweli walitufundisha vizuri. Tulikaa kwenye kompyuta za chuo, kila makala tukibofya inafunguka. Nimerudi kazini, nabofya zile zile, nadaiwa nenosiri. Kumbe kule zilikuwa zinatambua mtandao wa chuo. Ujuzi ninao, mlango umefungwa, na hakuna aliyetuambia hilo mapema. Waulize swali hilo moja tu, halafu ndio ukate tiketi.

Uyole_Juu

Mimi naona unazunguka mbali. Watafiti tunao. TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Uyole wapo hapa hapa, ingawa wao zaidi ni viazi na maharage. Kwa mboga na matunda kuna TARI Tengeru. Piga simu, eleza tatizo, upewe jibu la mtaalamu. Siku mbili za kukaa kwenye kompyuta na mkulima anakungoja shambani, sidhani kama ni sawa.

Mkutubi_Nyanda

Dada wa Ilula, mimi kazi yangu ni maktaba na nimefundisha watumishi wa halmashauri, kwa hiyo nivumilie niseme kwa urefu.

Aliyosema Mtumishi ni kweli tupu. Ila kuna njia ambayo ofisi nyingi za serikali hazijui kuwa ni haki yao. Kuna mpango unaitwa Research4Life, unaosimamiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na wachapishaji wa majarida. Ndani yake kuna Hinari ya afya iliyoanza 2002 chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani), kuna AGORA ya kilimo iliyoanza 2003 chini ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo), kisha mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania ipo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Na taasisi si vyuo pekee: ofisi za serikali, hospitali, vituo vya utafiti na vya ugani, vyote vinaruhusiwa kuomba. Asiyeruhusiwa ni mtu binafsi. Ofisi ikisajiliwa, watumishi wake wote wanaingia kwa nenosiri la ofisi, hata wakiwa nyumbani kwa bando la simu. Makala inayokudai dola 30, ukipitia humo mara nyingi inafunguka nzima.

Sasa kuhusu kutafuta kwenyewe, maana hapa ndipo watu wanapotea. Kanzidata haijui "kantangaze". Inajua jina la kisayansi. Ukiandika Tuta absoluta ndani ya alama za kunukuu, inaleta maneno hayo yakiwa pamoja. Lakini mdudu huyu siku hizi wataalamu wamempa jina jingine, Phthorimaea absoluta, na waandishi wengi wa sasa wanalitumia hilo. Ukitafuta kwa jina la zamani tu, tafiti mpya zinaweza kukupita. Kwa hiyo unaandika majina yote mawili, katikati unaweka OR (yaani "au") kwa herufi kubwa, unafunga kwa mabano, halafu AND (yaani "na") na neno la Kiingereza la usugu wa sumu, insecticide resistance. Matokeo yakiwa mengi mno, unaongeza AND Tanzania. Yakiwa mawili matatu, unatoa Tanzania na kusoma ya nchi nyingine. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, kwetu aliripotiwa 2014, na wenzetu wa Brazili na Italia wameshaandika kuhusu kantangaze aliyezoea sumu za kundi la diamidi, aina mojawapo ya viuatilifu. Hilo linamgusa moja kwa moja mkulima wako anayerudia kopo lile lile.

Ndugu Uyole, sikupingi. Mtafiti apigiwe simu. Ila naye atajibu vizuri zaidi akiulizwa na mtu aliyekwishasoma.

Na wakati unasubiri usajili, vipo visivyohitaji nenosiri kabisa. African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, ina majarida yetu kama Tanzania Journal of Agricultural Sciences. Hazina ya mtandaoni ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro ina tasnifu za wanafunzi waliofanya kazi mashambani, nyingine huku huku Nyanda za Juu Kusini. Google Scholar, kitafutio cha Google cha makala za kitaaluma, nayo inasaidia, lakini angalia upande wa kulia wa matokeo: penye kiungo cha PDF, mara nyingi makala unaipata bure.

Muuguzi_Tukuyu

Naongeza la upande wa afya. Kabla ya kuomba usajili mpya, ulizeni kama ofisi haijasajiliwa tayari. Sisi nenosiri la Hinari lilikuwepo, alikuwa nalo mtu mmoja, akahamishwa, likaondoka naye. Muda wote huo tulikuwa tunasoma ikisiri (muhtasari) za PubMed, kanzidata ya tafiti za afya, tu na kuishia hapo. Tafiti za kifua kikuu na VVU zilizofanyiwa hapa hapa Mbeya na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) zimo humo, wagonjwa ni watu wetu, halafu sisi tunaowahudumia hatuzisomi. Inauma. Nenda, dada.

Wakili_wa_Halmashauri

Kwa maafisa sheria wanaopita hapa: hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zipo kwenye tovuti ya TanzLII, bure, bila nenosiri.

BibiShamba_Ilula

Ahsanteni sana wakuu, Mkutubi hasa. Mrejesho: nimepiga simu maktaba. Wamesema siku ya pili wanawasaidia washiriki kujaza maombi ya usajili wa ofisi zao, ila niende na barua pepe ya ofisi yenye go.tz na jina la mkuu wa taasisi. Bosi wangu nimemwonyesha maelezo ya Mkutubi kwamba hatutadaiwa hela, akasoma mpaka mwisho, akasema nipeleke rasimu ya barua ataisaini. Nauli bado ni yangu, nimekubali. Mkutubi, kuna kingine nibebe?

Mkutubi_Nyanda

Usajili uwe kwa jina la idara, si lako, na nenosiri walijue angalau watu wawili. Yaliyompata Muuguzi nimeyaona ofisi nyingi. Na msiligawe nje ya ofisi, hata kwa ndugu anayesoma chuo, wakigundua wanafunga.

Halafu pita kwa wakulima wako, piga picha lebo za makopo yote wanayotumia. Jina kubwa la dukani halitakusaidia kwenye kanzidata. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la kemikali yenyewe na kiasi chake. Utashangaa makopo matatu ya majina tofauti yakiwa na kemikali moja. Hayo majina madogo ndiyo uje nayo, tuyatafute moja moja pamoja na majina mawili ya kantangaze.

Mtumishi_Makambako

Mkutubi, na sisi tuliohudhuria zamani tukabaki bila nenosiri, tunaruhusiwa kuja siku hiyo ya pili?

Mkutubi_Nyanda

Sisi maktaba yetu tunawapokea. Wa Mbeya wapigie kwanza, na barua ya ofisi uje nayo.